Hivi vita duniani vimeongezeka kweli au ni simu zetu tu? Mzee wa kijiweni kanishinda hoja, njooni

Mtu wa Aggrey (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni.

Mimi ni mtu wa vitenge Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kule ghorofani sio zile fremu za chini za bei ya kiwanja, na wateja wangu wengi ni Wakongo. Kuna mama mmoja wa Bukavu, sisi tunamwita Mama Bukavu tu, miaka sita tunafanya naye kazi, kila baada ya miezi miwili anashuka Dar analala lojingi za huko Msimbazi, asubuhi kabla sijafungua yuko mlangoni. Ana mtindo wake, analowesha kidole mate anasugua kitenge pembeni aone kama rangi inatoka, balo nzima, pisi moja moja. Hajawahi kunikopa hata mia. Mwezi wa kwanza mwaka huu wa 2025 akaja akalipa balo kumi na mbili zote taslimu, akasema gari litakuja kuchukua baada ya wiki mbili. Tarehe 27 mwezi huohuo waasi wa M23 wakaingia Goma, katikati ya mwezi wa pili wakaingia Bukavu. Mpaka leo mzigo uko stoo kwangu nimeufunika turubai na kila nikipita pale naangalia pembeni kama nadaiwa.

Wiki za mwanzo napiga hapatikani. Siku moja ikaingia sauti WhatsApp, "ndugu yangu tuko wazima, banki zote zimefungwa, pesa haziko, njo maisha." Basi. Tangu hapo kimya, tiki moja tu.

Sasa jana nipo kijiweni kwetu Magomeni nikawa nalalamika, dunia imechafuka, vita kila kona, zamani haikuwa hivi. Kuna mzee pale akacheka mpaka kashata ikampalia. Zamani gani hiyo wewe mtoto? Akaanza kunishushia: Kongo ya Lumumba, Biafra, Vietnam, Angola, Msumbiji, Amin, Iran na Iraq miaka minane. Anasema enzi zao redio moja mtaa mzima, taarifa ya habari saa mbili usiku, ikiisha watu wanakula wanalala, leo wewe unalala na vita chini ya mto, unaamka usiku kwenda kukojoa unapitia Gaza kwanza. Vita haijaongezeka bwana, kilichoongezeka ni bando.

Nikataka kumjibu nikaanza na vidole, Sudan, Kongo, Ukraine, Gaza, Myanmar, Mali, Burkina Faso, Somalia, Cabo Delgado ya Msumbiji, India na Pakistani mwezi wa tano, Israel na Iran wa sita, Thailand na Cambodia hii juzi tu, vidole vya mikono vikaisha, lakini na yeye orodha yake ndefu vilevile. Nikalipa kahawa nikaondoka.

Wenye uelewa naomba msaada. Vimeongezeka au hapana? Na kama vimeongezeka, kwa nini? Siasa za vyama kaeni nazo hukohuko.

Mbagala Kuu

Mzee yuko sahihi. Zima data wiki moja halafu uje utuambie kama kuna vita.

Mtu wa Aggrey

Nikizima data balo kumi na mbili zitatoka stoo?

Mbagala Kuu

😂😂 Hapo umenipata. Kwani unaziuzaje hizo balo? Kuna mtu wangu Tandika anatafuta mzigo.

Mtu wa Aggrey

Siuzi. Mali ya mtu hiyo na ameshalipa. Jibu mada.

Mtumishi wa Shamba

Wapendwa hizi ni nyakati za mwisho, yote yalishaandikwa, tutengeneze maisha yetu na Mungu.

Mbagala Kuu

Mtumishi, bibi yangu alisema nyakati za mwisho mwaka 1979 akagawa mbuzi wake wote. Amefariki 2014 bado anawadai watu mbuzi.

Desimali

Nimechelewa kidogo nilikuwa foleni ya Ubungo. Mleta uzi na mzee wako wote mna haki, ngoja nieleze maana hii kitu inapimika sio ya kubishana hewani.

Kuna kitengo pale chuo kikuu cha Uppsala, Sweden, kazi yao miaka yote ni kuhesabu vita, na kuna taasisi ya utafiti wa amani Oslo, Norway, inachambua hesabu hizo. Takwimu zinarudi nyuma mpaka 1946. Kanuni yao iko hivi: lazima angalau upande mmoja uwe serikali, na ndani ya mwaka mmoja wafe watu wasiopungua 25 kwenye mapigano yenyewe. Kwa kipimo hicho mwaka 2024 kulikuwa na migogoro 61 ndani ya nchi 36, haijawahi kufika hapo tangu 1946. Mwaka wa nyuma yake ilikuwa 59 na yenyewe ilikuwa rekodi. Ukirudi 2010 unakuta karibu nusu ya hiyo. Afrika peke yetu tunashika 28. Kwa hiyo hapo unarudi kijiweni kifua mbele.

Ila usiende leo, subiri. Ukiacha kuhesabu vita ukahesabu vifo, mzee anakurudisha chini. Mwaka 2024 waliokufa kwenye mapigano ya aina hiyo ni kama 129,000. Nyingi sana, moja ya miaka mibaya tangu vita baridi iishe, lakini Korea 1950 mpaka 1953 walikufa mamilioni, na Rwanda 1994 ndani ya siku kama mia tu watu wapatao 800,000 waliuawa, na hao hata kwenye safu ya vita hawaingii, wana safu yao ya mauaji ya raia. Halafu kumbuka dunia ya 1950 ilikuwa na watu bilioni mbili na nusu, leo tuko zaidi ya bilioni nane. Kwa hiyo mtu mmoja mmoja ukimpigia hesabu, babu zetu walikuwa kwenye hatari kubwa kuliko sisi.

Mstari wa idadi ya vita haujapanda moja kwa moja kama mtu anapanda ngazi. Ulipanda mpaka mwanzoni mwa miaka ya 90, ukashuka, ukaanza kupanda tena baada ya 2010 hivi, na 2022 vifo vikarushwa juu na Tigray kule Ethiopia na Ukraine kwa pamoja.

Kondakta Mstaafu

Watu 25 mnaita vita? Basi moja likidondoka mlima Kitonga si ndio hao hao. Hizo hesabu za wazungu zimewekwa ndogo makusudi Afrika ionekane chafu.

Desimali

Mkuu kipimo ni kilekile kwa kila nchi na kwa kila mwaka, ndio maana unaweza kulinganisha 1960 na leo. Na wana daraja la juu yake, ukivuka vifo 1,000 kwa mwaka ndio wanaita vita kamili. Mwaka 2024 vita 11 vilivuka hapo. Kwa hiyo hata ukifuta vile vidogo vyote, picha sio nzuri.

Unachoweza kubishia ni kitu kingine. Nchi moja inaweza kuingia mara nyingi kwenye hesabu, Myanmar kwa mfano serikali inapigana na makundi kibao na kila eneo linalogombewa lina mstari wake. Kwa hiyo 61 sio nchi 61 zinawaka. Kilichoongezeka zaidi ni vita ndani ya nchi ileile ambayo tayari ina vita.

Na cha pili ambacho mimi kinaniuma, hesabu inahesabu risasi, haihesabu njaa. Vita ya pili ya Kongo kuna watafiti walikadiria watu milioni 5.4 walikufa kati ya 1998 na 2007, na wengi wao sio kwa risasi, ni malaria, kuhara, njaa, zahanati zimefungwa, mama anajifungulia porini. Huyo Mama Bukavu wako hayuko kwenye jedwali lolote, na Mungu asaidie asiwepo.

Fundi Gia

Nyie mnahesabu, sisi wa spea tumeshahesabiwa zamani. Mimi niko Gerezani, naagiza injini na gia za mtumba. Tangu Wahuthi waanze kupiga meli Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 kontena zangu zote bei juu, za Uingereza, za China, zote. Vita ya Yemen na Gaza nailipa mimi na fundi wa Buguruni.

Nahodha Mkavu

Fundi, meli ya kutoka China kuja Dar inapita Bahari ya Shamu kutafuta nini? Inakata Bahari ya Hindi moja kwa moja. Wakala wako kakupiga.

Fundi Gia

Sasa mbona alisema ni Wahuthi?

Nahodha Mkavu

Ana nusu ya ukweli. Mzigo wa Uingereza ndio ulikuwa unapita Suez, sasa meli kibao zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema, wiki moja mpaka mbili zaidi njiani. Ule wa China hauzunguki popote, ila meli ikikaa wiki mbili zaidi baharini maana yake meli hazitoshi na kontena tupu hazirudi Asia kwa wakati, kwa hiyo nauli zikapanda mpaka njia ambazo hazina vita. Ndio unavyolipia vita isiyokupita mlangoni. Kama 2022 Urusi ilivyoingia Ukraine, petroli hapa Dar ikavuka 3,000 lita mpaka serikali ikaweka ruzuku ya bilioni mia kwa mwezi, na chapati ya mia tatu ikawa nyembamba unaweza kusomea gazeti.

Fundi Gia

Sawa nimekuelewa. Ila ngoja niseme sababu ambayo hakuna aliyeitaja, kupigana kumekuwa rahisi bei. Mdogo wangu anapiga video za harusi, ana ile droni ndogo inaruka juu ya bibi harusi pale ufukweni, juzi nikaona kwenye taarifa askari wa Ukraine ana droni ileile kabisa, rangi ileile, ila chini kafunga bomu la mkono. Na hizi wanazounga wenyewe zinazokwenda kujilipua, moja ni dola mia kadhaa tu na inaua kifaru cha mamilioni ya dola. Zamani ukitaka ndege ya kivita lazima uwe serikali uwe na rubani aliyesoma miaka. Sasa hivi mwezi wa tano Port Sudan kule mwisho wa nchi, mji ambao watu walikimbilia wakajua wamepona, ukapigwa kwa droni siku kadhaa mfululizo, bohari za mafuta zikawaka, uwanja wa ndege ukapigwa, na waasi wenyewe wako mamia ya kilomita huko.

Mzee wa Masaka

Marahaba kwa wote mliosahau kunisalimia. Simu hii kaninunulia mjukuu naandika kwa kidole kimoja mnivumilie.

Mimi nilipigana vita ya Kagera nilivuka Mutukula nikiwa na miaka 21. Amin aliingia mwisho wa Oktoba 1978 akala ardhi yetu mpaka mto, Mwalimu akasema nia tunayo sababu tunayo uwezo tunao, tukaenda, tukapita Masaka, mvua ya Uganda ile tulitembea nayo kwa miguu wiki na wiki viatu vimeoza soksi zimeshikana na ngozi, Aprili 1979 Kampala ikawa mikononi kwetu na kufika Juni nchi yote tumeimaliza. Adui yetu alikuwa na sare, ana ikulu, ana bendera unaiona pale juu unaishusha. Alipokimbia vita ikaisha. Gharama tulilipa sikatai, tuliambiwa tufunge mkanda miezi 18 na mimi mpaka leo sijasikia tangazo la kuufungua, sabuni foleni sukari foleni. Lakini iliisha.

Mwanangu wa pili na yeye akawa askari, mwaka 2013 akaenda Kongo na ile brigedi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, wakawapiga M23 wakakimbia, mtaani tukashangilia tukachinja na kuku. Mwisho wa 2021 tunasikia walewale wamerudi na mwaka huu wameshika Goma na Bukavu. Nikamuuliza sasa nyie mlimpiga nani? Akaniambia baba kule makundi yenye silaha ni zaidi ya mia, leo huyu ni adui kesho kavaa sare ya serikali keshokutwa karudi porini, bendera ya kushusha haipo. Mimi nadhani hiyo ndio tofauti ya mzee wa kahawa na mleta uzi, sisi vita zetu zilikuwa kubwa lakini zilikuwa na mlango wa kutokea.

Mbagala Kuu

Shikamoo mzee. Huu uzi umekuwa mzito ghafla.

Wakili wa Kimara

Shikamoo mzee wangu. Umegusa penyewe, na mimi nitaongezea hapohapo, maana naona watu wanatafuta kwa nini vita vinaanza wakati swali lenyewe ni kwa nini haviishi. Idadi ikipanda sio lazima vianze vingi zaidi. Ni kama hodi ya wagonjwa, wakiendelea kuingia walewale watano kila siku na hakuna anayeruhusiwa kwenda nyumbani, kitanda kitakosekana tu.

Angalieni kipindi kile mstari unashuka ambacho Desimali kakitaja. Msumbiji walisaini Roma 1992. Angola ikaisha 2002 kiongozi wa waasi Savimbi alipouawa, Sierra Leone 2002, Liberia 2003. Vita baridi ilikuwa imeisha, Moscow na Washington hawana tena haja ya kumlisha kila mtu mwenye bunduki, ukikatiwa posho unakuja mezani. Na Umoja wa Mataifa ulikuwa unapeleka vikosi kweli. Burundi tuliisimamia wenyewe pale Arusha, Mwalimu alianza, akafariki 1999, Mandela akapokea, Agosti 2000 wakasaini. Risasi ziliendelea miaka kadhaa baada ya hapo sitadanganya, makundi mengine yaligoma, lakini meza ilikuwa moja na kila mtu alijua iko wapi.

Sasa chukua Kongo ya leo. Kulikuwa na mchakato wa amani wa Nairobi, kukawa na wa Luanda, tarehe 8 Februari wakuu wa EAC na SADC wakakaa hapahapa Dar, SADC wakaamua kuondoa jeshi lao mwezi wa tatu, tarehe 27 Juni Kongo na Rwanda wakasaini Washington, mwezi wa saba Kinshasa na M23 wakasaini Doha. Mgonjwa mmoja waganga watano, na akimchoka huyu anahamia kwa yule. Na hao M23 mnajua jina lao limetoka wapi? 23 Machi 2009, tarehe ya mkataba wa amani. Yaani kundi la waasi limejiita jina la amani iliyokufa.

Hapo juu yake weka Baraza la Usalama, watano wenye kura ya turufu, na kwa vita kubwa za leo mmoja wao ama anapigana mwenyewe ama mshikaji wake anapigana. Tangu ujumbe wa Jamhuri ya Afrika ya Kati wa 2014 UN haijaanzisha operesheni nyingine kubwa ya kulinda amani, na ile ya Mali wenyewe wenye nchi waliifukuza ikafunga virago 2023.

Kondakta Mstaafu

Wodi sio hodi 😂 wakili gani wewe

Wakili wa Kimara

Ni simu hii. Wodi.

Mzalendo Halisi

Mnazunguka sana. Ni mabeberu wanauza silaha, full stopu. Afrika hatutengenezi hata manati, hizo bunduki zinatoka wapi? Gaddafi walimwua 2011 silaha zake zikatembea jangwani, 2012 Mali ikawaka, toka hapo Sahel yote haijalala. Nani aliwatuma?

Wakili wa Kimara

La Libya nakubaliana na wewe asilimia mia, hilo halina ubishi. Na hela ya silaha ipo, mwaka 2024 dunia ilitumia dola bilioni 2,718 kwa majeshi, ongezeko la zaidi ya asilimia 9 kwa mwaka mmoja, haijawahi kupanda kwa kasi hiyo tangu vita baridi iishe.

Ila mabeberu wamekuwa wengi siku hizi na sio wote wanatoka Ulaya. Sudan mfano. Burhan mkuu wa jeshi na Hemedti mkuu wa wanamgambo wa RSF walipindua nchi pamoja 2021, lao moja, Aprili 2023 wakaanza kupigana katikati ya Khartoum wananchi wakiwa wamefunga Ramadhani. Leo zaidi ya watu milioni 12 hawako majumbani kwao. Hemedti ana dhahabu ya Darfur, Burhan ana jeshi na Misri nyuma yake, Falme za Kiarabu zinatuhumiwa kumpa silaha Hemedti zenyewe zinakanusha. Rwanda na M23 hivyohivyo, wataalamu wa UN waliandika 2024 kwamba askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 wako ndani ya Kongo, Kigali inakataa. Urusi imekwenda kuchukua askari Korea Kaskazini. Zamani ukitaka kufadhiliwa ulikuwa na milango miwili ya kugonga, leo kuna mtaa mzima. Sasa kama una mgodi wa koltani pale Rubaya unaoweka pesa mfukoni kila siku na una rafiki wa kukuletea droni, unakuja mezani kufanya nini?

Mzalendo Halisi

Bado ni mabeberu.

Binti Newala

Naomba niseme na mimi maana mnaongelea vita kama iko sayari nyingine. Bibi yangu anakaa kijiji cha karibu na mto Ruvuma, mkoa wa Mtwara. Ng'ambo ni Msumbiji lakini kwetu ng'ambo ni mashamba ya shangazi, Wamakonde pande zote, ukienda pwani yao Kiswahili unasikia. Ilianza Oktoba 2017 vijana wachache wakavamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia, watu wakasema wahuni tu hao. Kufika 2020 bibi anapokea watu usiku, wanavuka na mtumbwi, mmoja alikuja na godoro kichwani na kuku mmoja kwapani na hakuwa na kitu kingine, akalala kwa bibi wiki tatu, huyo kuku akawa anataga pale uani, alipoondoka akamwachia bibi. Oktoba mwaka huohuo wavamizi wakavuka wakaingia Kitaya, upande wetu. Watu wakauawa, nyumba zikachomwa. Dar mlijua? Mitandaoni ilipita siku mbili watu wakarudi kwenye mpira.

Machi 2021 wakaingia Palma, ule mradi wa gesi wa mabilioni ya dola ukasimama, hapo ndio dunia ikajua jina la Cabo Delgado. Kufika 2022 waliokimbia makwao walikuwa karibu milioni. Kwa nini ilianza? Mimi sio mchambuzi, nasema nilichosikia kwa walioishi kule. Wavuvi walihamishwa kupisha gesi, wachimbaji wadogo walifukuzwa kwenye rubi kule Montepuez, kijana hana kazi anaona magari ya vioo vyeusi yanapita, akaja mtu na dini yake mkononi na hela kidogo ya kuanzia biashara. Dini walikuwa nayo siku zote. Hela ndio ilikuwa mpya.

Kondakta Mstaafu

Dah. Ya Kitaya niliisikia nikasahau kweli. Samahani dada.

Mtumishi wa Shamba

Tuwaombee.

Nahodha Mkavu

Na wale vijana wetu wawili waliokwenda kujifunza kilimo Israel wakauawa Oktoba 2023, mtu kaenda kujifunza nyanya. Siku hizi huwezi kusema vita ya watu.

Mtu wa Aggrey (mleta uzi)

Wakuu nashukuruni wote, nimesoma mpaka mwisho, nikachukua hizo hesabu nikaenda nazo kijiweni leo baada ya Isha.

Nikamwambia mzee: vita vimeongezeka, 61, rekodi. Vifo havijafika vya enzi zenu, hapo umenipiga. Ila vyenu vilikuwa vinaisha na vyetu haviishi. Akanyamaza, akamimina kahawa nyingine, akaniuliza na hilo la kutoisha nalo limepimwa au amesema huyo askari? Nikamwambia amesema askari. Akasema basi ni kweli. Hajakubali kushindwa lakini kahawa leo kalipa yeye.

Sasa lingine. Nilipowasha data narudi nyumbani sauti zikaingia tatu mfululizo, Mama Bukavu. Mzima. Amevuka Kamembe upande wa Rwanda, kuna binamu yake, huko anapata mtandao na hela ya simu inapokelewa. Duka lake Kadutu halikuibiwa kitu, lakini hakuna mnunuzi, wenye hela wameondoka na waliobaki wananunua unga. Anasema, naandika kama alivyosema, "ndugu yangu, ile muzigo uza, usiningoje, unitumie kidogo kidogo, batoto wataingia masomo mwezi wa tisa." Nikamwambia nikiuza haraka nitauza kwa hasara. Akasema hasara alishaipata Februari.

Mbagala Kuu, yule mtu wako wa Tandika bado yupo?

Mbagala Kuu

Yupo mkuu. Zote kumi na mbili anaweza. Ila ni mbishi, hatoi hela mpaka aone mzigo.

Mtu wa Aggrey

Aje kesho saa tatu. Mwambie rangi haitoki, mwenyewe alizikagua zote.